Nyumba ya Chaki

Mwanamke akiahidiwa nyumba huonyeshwa kiwanja, au ramani, au walau funguo. Sindano alionyeshwa sakafu.

Ilikuwa sakafu ya saruji, imefagiwa vizuri na kunyunyiziwa maji kutuliza vumbi, ndani ya karakana iliyojenga nyumba juu ya malori. Mwenye karakana, mama wa makamo mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio, alikuwa amepiga magoti tangu asubuhi akichora kwa chaki nyumba kamili kwa ukubwa wake wenyewe: mlango huku, jiko kule, choo cha kuingia kwa ubavu, kitanda mwisho kabisa. Watu walimwita Mama Chaki, na alikuwa na sharti moja ambalo hakumlegezea mtu. Hakati ubao wala hachomelei chuma mpaka wenye nyumba waje wakae ndani ya michoro hiyo nusu siku nzima, wapike, wapishane, wajilaze, na ikibidi wagombane.

"Chaki naifuta bila taabu," alisema. "Chuma nikishachomelea, mtakaa nacho hivyohivyo. Karibuni kwenu. Viatu vueni kama mnavua."

Mchumba wa Sindano, fundi wa pampu, akavua viatu. Sindano alimtazama, mwanamume mrefu aliyezoea kuinama milangoni, amesimama kwa soksi katikati ya malori na vyuma, soksi moja imetoboka kwenye kidole gumba, akaona kicheko na mapenzi vinamjia kwa pamoja asijue atangulize kipi.

Walijuana kwa sababu ya hema. Yeye alikuwa mshonaji, na mwanamume huyu aliingia dukani kwake siku moja na hema lililochanika, akaeleza kwamba kazi yake ni kutengeneza pampu za visima huko mbali na miji, na kwamba kila kisima kilimweka mwezi, wakati mwingine miwili. Hema likashonwa. Wiki iliyofuata akarudi nalo limechanika tena, mpasuko umenyooka mno. Sindano akaupitisha kidole.

"Huu si wa mti wala mwiba," alimwambia. "Huu ni wa kisu."

"Ni wa kisu," alikiri. "Nilikosa sababu nyingine."

Tangu hapo akawa anamwita Pampu, na mwenyewe akalipokea jina kama zawadi. Na sasa Pampu alikuwa amepata mkataba mrefu wa visima, miaka kadhaa, kuondoka kabla mwezi haujaisha, akaapa kwamba safari hii haendi peke yake. "Sitaki mke wa kwenye simu," alisema. "Nataka nikitoka kisimani nimejaa tope, nikukute." Ndiyo maana ya karakana hii. Kila alichokiweka akiba tangu ujana wake kilikuwa kinageuka nyumba yenye magurudumu.

"Mama mwenye nyumba, simama jikoni," alisema Mama Chaki.

Sindano akasimama jikoni. Mbele yake waliweka ubao juu ya makreti mawili uwe badala ya meza ya jiko. Alipoinua mikono, viganja vikatua juu ya ubao bila kuinama wala kupandisha mabega, palepale panapokaa mikono yake anapokata kitambaa. Akageuka.

"Nani amekupa kimo changu?"

"Si huyo bwana wako. Nilimwuliza mwenzako ana urefu gani, akaweka mkono hapa kifuani, akaniambia ananifikia hapa." Mama Chaki akacheka. "Nikapima kutoka sakafuni mpaka kwenye mkono wake. Naona hakukosea hata kidogo."

Pampu alijifanya anakagua dari, na dari yenyewe haikuwepo. Masikio yake yalikuwa yamewaka. Sindano akashika ukingo wa ubao kwa nguvu.

Kikohozi kikasikika kutoka kwenye benchi. Alikuwa shangazi yake, aliyekuja kwa kazi moja tu, kupinga, na aliyekuwa ameifanya kazi hiyo kwa bidii tangu wapande teksi.

"Nauliza tu," alisema shangazi. "Watu wakitaka kujua binti yetu kaolewa wapi, tuwaambie kaolewa barabarani?"

"Shangazi, nyumba ni watu waliomo."

"Nyumba ni mahali ambapo mgeni akija jana na akija leo, anaikuta. Hiyo yenu nitaitafuta kwa kusikiliza honi?"

"Shangazi, nitakuja kukuchukua mwenyewe," alisema Pampu kwa heshima. "Uwe wa kwanza kulala."

"Kwenye choo cha kuingia kwa ubavu? Mimi? Nitabaki nje wiki nzima." Lakini midomo yake ilikuwa inapigana na tabasamu, na Sindano aliliona.

Pembeni ya shangazi alikaa baba. Walikuja naye kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia, na siku hizi hakuachwa. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, mwendo wake wa hadhari ukampa jina la Taratibu. Kisha ugonjwa wa kusahau ulimwingia, ukaanza kubeba vitu vyake kimoja kimoja. Alisahau kwamba mkewe alikwisha fariki, na kila alipoambiwa alifiwa upya, hadi wakaacha kumwambia. Alisahau vifungo vya shati. Jina la bintiye hakulitamka tangu muda ambao Sindano mwenyewe hakupenda kuukumbuka. Ila kila alfajiri alitoka uani akazunguka nyumba, akiuliza majirani nani amehamisha lori lake, lori lililouzwa zamani. Mke hakuwepo, dada yake, huyu shangazi, alikuwa mzee na mwenye mume mgonjwa, mtoto alikuwa mmoja tu. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa amesimama jikoni.

Baba akainuka. Alikuja polepole mpaka kwenye mstari wa chaki, akasimama. Wote waliokuwepo walikuwa wameshazipita kuta zile mara chungu nzima bila kujali, lakini yeye hakuukanyaga mstari. Aliufuata ukuta kwa nje, akazunguka pembe, akafika kwenye mlango, akainua ngumi yake na kubisha hewani.

Sindano akaenda mlangoni, akashika kitasa kisichokuwepo, akamfungulia.

"Karibu, baba."

"Ahsante, mama," alisema baba, akainamisha kichwa asigonge juu, akaingia.

Mama Chaki alimtazama akipita. Akatoa kalamu sikioni, akaigeuza vidoleni. "Na mzee analala wapi?" aliuliza.

Swali hilo Sindano alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. Alimwangalia Pampu, na Pampu hakukwepa macho yake.

"Nilitaka kukuuliza wewe, mama," alisema Pampu. "Kitanda cha pili kinaingia?"

"Kwenye chasisi uliyoichagua, hakiingii. Ile ni fupi. Labda mzee alale juu ya sinki." Akanyoosha kalamu kuelekea uani, ambako malori mawili yalisimama yakiwa na vichwa tu, nyuma mifupa mitupu ya chuma. "Ile nyingine ndefu inaingiza kitanda na nafasi inabaki. Lakini nakwambia mapema, tusije tukalaumiana. Fupi inavuta kwa magurudumu yote, itapita kwenye tope na mchanga. Ndefu ni ya lami. Ukiipeleka kwenye visima vyako itazama, na hapo ilipozama ndipo patakuwa kwenu."

Pampu akatazama uani. Lori lile fupi alikuwa amelitafuta kwa muda mrefu. Alikuwa akimsimulia Sindano habari zake kama watu wanavyosimulia mtoto aliyefaulu. Alilitazama kidogo tu, kisha akageuza uso.

"Ndefu," alisema.

"Pampu, ulisema lazima ufike mpaka..."

"Nimesema ndefu. Tutaegesha kwenye lami, kisimani nitakwenda kwa miguu. Nina miguu mirefu, hujaiona?"

Alikuwa akitania, lakini macho hayakutania. Sindano alitamani kumshika mkono mbele ya watu wote, na kwa kuwa shangazi alikuwepo, aliridhika na kumtazama. Mtazamo wenyewe ulikuwa mrefu kiasi cha kumfanya shangazi akohoe tena, safari hii kwa upole.

Mama Chaki alikwisha piga magoti. Alifuta ukuta kwa kitambaa, akausogeza, akachora kitanda cha baba nyuma kabisa ya kichwa cha lori, karibu na dirisha. "Hapa atapata upepo," alisema. Shangazi akainuka, akaja kukisimamia, akauliza godoro litakuwa la unene gani na shuka zitafuliwa wapi. Mtu anayepinga haulizi habari za shuka. Sindano akaanza, taratibu na kwa woga, kujiachia afurahi.

"Twendeni basi mkalione lori lenyewe," alisema Mama Chaki.

Baba ndiye aliyefika wa kwanza. Huyu mzee aliyeshikwa mkono kuvuka kizingiti cha chumba chake alilizunguka lori lote peke yake, akigonga matairi kwa kisigino, akainama kuangalia chini ya injini kama kuna mafuta yanayovuja. Kisha akaweka mguu kwenye ngazi, akashika chuma cha pembeni, na kabla mtu hajasema angalia utaanguka, alikuwa juu, nyuma ya usukani, mgongo umenyooka. Alirekebisha kioo cha pembeni. Alipapasa gia. Akachungulia dirishani, na uso wake ulikuwa ule wa zamani, uso wa mtu anayejua anakokwenda.

"Sindano," aliita.

Sindano akaganda.

"Sindano, mwanangu. Mwambie mama yako leo nitachelewa. Mle, msinisubiri."

Alikuwa amemtaja. Jina lake, kwa sauti ileile iliyompa jina hilo alipokuwa mtoto mwembamba asiyetulia. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa.

"Nitamwambia, baba."

"Na huyo utingo wangu yuko wapi?"

Ndipo Pampu alipozunguka lori akiwa bado na soksi zake, akafungua mlango wa upande wa pili, akapanda, akakaa.

"Nipo, bosi."

"Mzigo umefungwa?"

"Umefungwa, bosi."

"Turubai?"

"Nimelikaza mwenyewe."

"Usinidanganye. Juzi lilipepea njia nzima."

"Lile lilikuwa kosa langu, bosi. Leo nimelikagua mara mbili."

Baba akacheka. Alicheka kwa kifua chote, akampiga Pampu begani, na Pampu naye akacheka, na shangazi aliyesimama chini akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Sijamsikia kaka akicheka hivi tangu mama yako," alimwambia Sindano, akaishia hapo. Sindano alipenda wakati huo kupita alivyowahi kupenda kitu. Alimtazama mwanamume wake na baba yake wamekaa bega kwa bega nyuma ya kioo, akajiambia, haya, ndiyo haya, nimepata.

Kisha mkono wa baba ukashuka kwenye tundu la ufunguo. Ukapapasa. Ukarudi tena.

"Ufunguo?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mama Chaki. Mama Chaki akaufunika kwa kiganja, na hakucheka tena. Alimtazama Sindano, na Sindano akaelewa kitu ambacho usiku wote wa kuwaza hakikumjia. Alikuwa amewaza vitanda, ngazi, dawa, choo. Hakuwa amewaza kwamba baba yake alisahau kila kitu ila kuendesha, na kwamba nyumba aliyokuwa anampeleka ilikuwa na usukani.

Pampu aliteremka upesi. "Hilo dogo," alisema kabla hajaulizwa. "Kichwa kitafungwa. Ufunguo nitauvaa shingoni, hautoki mwilini mwangu."

"Na kile kidirisha cha kupitia mbele ukiwa ndani nakiziba kwa chuma," alisema Mama Chaki. "Hatapita."

"Unaona? Linawezekana."

Sindano angeweza kuamini tu, na moyo wote ulikuwa unamsukuma huko. Lakini alikuwa mshonaji, na nguo ya watu huijaribisha mwilini kabla ya kupiga cherehani ya mwisho.

"Tujaribu," alisema. "Si ndiyo sharti la hapa? Tujaribu sasa hivi."

Wakamshusha baba kwa kumwambia chai iko tayari. Mama Chaki akafunga milango ya lori, Pampu akauvaa ufunguo kwenye kamba shingoni. Wakarudi wote ndani ya nyumba ya chaki, wakapita mlangoni kama watu wenye adabu, wakamkalisha baba kwenye kiti kilichowekwa pale ambapo meza ingekuwa. Chai ikamiminwa. Baba akanywa nusu kikombe, akasifu chai, akauliza huyu mama anayepika ni nani. Sindano akasema ni mimi. Baba akasema anapika vizuri.

Kisha akaweka kikombe chini, akasimama, akatoka kwa mlango, akaenda uani.

Waliyaona yote kutokea ndani, hakuna ukuta wa kuwazuia. Alivuta kitasa cha lori. Hakikufunguka. Akavuta tena, akazunguka upande wa pili, akavuta kile. Akarudi cha kwanza. Akakitikisa. Akasimama akitazama mikono yake, kama kwamba kosa lilikuwa la mikono. Alipogeuka alimwona Pampu amemfuata, na kifuani kwa Pampu akaona ufunguo.

Baba akavua kofia.

"Bosi," alisema, na sauti haikuwa ile ya juu ya lori. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mzee."

"Kama ni yale magunia, niliyafikisha yote. Waulizeni wenyewe. Kama nimechelewa, barabara ilikatika, si mimi."

"Mzee, hakuna kosa, twende ukapumzike..."

"Usinifukuze, bosi." Alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili. "Sijawahi kuangusha mzigo. Nina mtoto mdogo wa kike nyumbani. Nitamwambia nini?"

Mtoto mdogo wa kike alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, mwanamke mtu mzima, mkono mdomoni. Pampu akaishika kamba shingoni, akaivua, akafungua mlango wa lori.

"Panda, bosi," alisema. "Kazi ni yako."

Baba akavaa kofia, akapanda, na kufumba na kufumbua uso wake ukatulia tena, kama vile hakuna aliyewahi kumfukuza.

Waliwaacha, shangazi na Mama Chaki, wamesimama karibu na lori kumlinda. Sindano na Pampu walirudi ndani, wakajikuta chumbani kwao, wakaketi sakafuni, juu ya kitanda chao cha chaki. Pampu ndiye aliyeanza.

"Atazoea."

"Hazoei, Pampu. Ili mtu azoee lazima akumbuke jana. Baba kila asubuhi ataamka, atatoka, atakuta mlango umefungwa. Kila asubuhi atafukuzwa kazi upya. Na wewe ndiye utakayemfukuza."

"Nitamwachia wazi, nifiche ufunguo tu."

"Umeona alivyoutafuta. Na siku moja ukiusahau kwenye suruali?"

Pampu alikuwa akisugua mstari wa chaki kwa kidole bila kujua.

"Basi tupate nyumba ya kawaida," alisema. "Nivunje mkataba, nibaki."

"Ubaki ufanye nini?"

"Kazi yoyote."

"Mwaka ule uliobaki mjini ulikuwa unazibua mabomba ya watu. Ulikuwa hucheki. Ulikuwa unakaa dukani kwangu unaitazama barabara." Akamgeukia. "Najua nikikuambia baki, utabaki. Ndiyo maana sisemi. Usinilazimishe niseme."

"Kwani mimi mwenyewe siwezi kusema nabaki?"

"Sema basi."

Pampu alifungua mdomo. Alimtazama uso wote, macho, kovu dogo la sindano juu ya mdomo alilowahi kuuliza habari zake siku ya kwanza, na Sindano aliona jinsi mtu anavyotafuta neno mfukoni na kukuta mfuko mtupu. Akainamisha kichwa. Hapo ndipo Sindano alipojua kwamba hata Pampu anayajua hayo. Huko visimani walikuwa wanamngoja, na ndiyo kazi pekee aliyowahi kuipenda.

"Nitakusubiri," alisema Pampu mwishowe. "Au wewe unisubiri. Vyovyote."

"Tusubiri nini?"

Swali lilitoka kabla hajalipima. Wote wawili wakageuka uani, wakamwona baba nyuma ya kioo, anaendesha lori lililosimama, anapunguza mwendo kwenye kona anayoiona mwenyewe. Wote wawili wakajua wanasubiri nini. Sindano akafunika uso.

"Sitaki kumsubiria baba yangu," alisema. "Sitaki kuwa mtu wa namna hiyo. Sitaki nawe uwe hivyo."

Pampu akamshika mkono, na safari hii hakuna aliyekohoa. Walikaa hivyo. Laiti kungekuwa na mtu wa kumkasirikia. Shangazi angekuwa mkorofi, wangemshinda. Pampu angekuwa na roho ndogo, Sindano angemwacha na kumsahau. Lakini kila mtu alikuwa mwema, na hilo halikusaidia chochote.

Shangazi alikuja akasimama nje ya mstari. Hakuukanyaga.

"Mwanangu," alisema. "Ningeweza ningemchukua. Unajua yaliyotokea alipokuja kwangu. Niligeuza kisogo tu, tukamkuta barabara kuu anasimamisha magari."

"Najua, shangazi. Sikulaumu."

"Huyu kijana..." Shangazi alimtazama Pampu na soksi yake iliyotoboka. "Nilikuja kusema hafai. Nimekosa la kusema." Akaondoka akijipangusa pua.

Mama Chaki naye akaja, kwa hatua za mtu asiyetaka kufika.

"Nisameheni. Wenye nyumba ya mchana wako njiani, lazima nifute." Akashusha pumzi. "Niambie tu, fundi. Ndefu au fupi?"

Pampu aliachia mkono wa Sindano. Aliuachia kidole kwa kidole.

"Fupi," alisema.

"Kitanda kimoja."

"Kimoja."

"Na meza ya jiko?" Mama Chaki aliutazama ubao juu ya makreti, hakumtazama mtu. "Hiyo ni ya kimo cha binti. Ukiwa peke yako na urefu wako huo utapika umejikunja, mgongo utakufa. Nikupandishie?"

Sindano alikuwa tayari amesimama, anafunga mtandio, amewapa mgongo. Akasikia Pampu akivuta hewa.

"Iache hapohapo," alisema.

Mikono ya Sindano ilisahau inafunga nini. Hakugeuka, maana aliijua nafsi yake. Kama angegeuka angesema lile neno, na Pampu angebaki, na mwaka ungepita akiwa anaitazama barabara.

Pampu ndiye aliyemshusha baba. Alipanda upande wake wa utingo, akakaa naye kidogo, akasema, "Tumefika, bosi. Tushushe." Baba akavuta breki ya mkono, akateremka mwenyewe. Chini akampa mkono.

"Kazi nzuri, kijana. Kesho mapema."

"Kesho mapema, bosi."

Teksi ilikuwa imefika. Baba akakataa kukaa nyuma, akakaa mbele kama kawaida yake, Sindano na shangazi wakaingia nyuma. Pampu alikuja mpaka kwenye dirisha la Sindano. Walitazamana. Pampu akagonga bati la gari mara mbili kwa kiganja, kama utingo anavyomruhusu dereva, akarudi nyuma.

Gari likaondoka. Sindano alitazama magoti yake, ambako chaki ya kitanda ilikuwa imeacha doa jeupe kwenye gauni. Hakuipangusa. Hawajafika hata mwisho wa ukuta wa karakana, baba akainamia kioo cha pembeni, akakitazama kwa makini, kama dereva.

"Simamisha," alisema. "Tumemwacha mtu."

Dereva wa teksi akapunguza mwendo, akamtafuta Sindano kwenye kioo cha ndani, akingoja neno.

"Yule utingo wangu," baba alisema, sasa kwa wasiwasi. "Yule pale amesimama, hana hata viatu. Simamisha apande. Huwezi kumwacha mtu barabarani hivi."

Shangazi akamshika Sindano goti. Dereva alikuwa bado anangoja.

"Endelea tu, kaka," Sindano alimwambia dereva. "Atapata lori jingine."

Baba hakulikubali neno hilo. Aligeuka kwenye kiti, akaendelea kutazama nyuma mpaka barabara ilipopinda.